Tundu la sita liachwe tupu: miaka yangu 10 na rivolva za kukoki kwa kidole gumba

Ajistere wa Kamalondo (Lubumbashi)

Jambo yenu wote. Nitajitahidi kuandika Kiswahili cha kila mtu, maana humu tunasomwa kuanzia Kalemie mpaka Dar es Salaam. Pale Kiswahili cha Lushi, yaani Lubumbashi, kitakaponiponyoka, mnivumilie.

Kwenye uzi wetu wa mashine za zamani, mdogo wangu mmoja wa Ruashi aliuliza: zile bastola za wachunga ng'ombe wa Marekani, kwa nini mtu anavuta nyundo kwa kidole gumba kabla ya kila risasi? Ni mbwembwe tu, au chuma chenyewe kinadai hivyo? Chuma kinadai, mdogo wangu. Na mimi nilikipenda kwa sababu kinadai.

Mimi ni fundi wa kufitisha vyuma, ajistere. Nilianza kushika tupa nikiwa na miaka 17 katika atelye ya mgodi hapa kwetu. Mwaka 2007 nikaenda Ubelgiji, mji wa Liège, kazi ileile: shafti za pampu, bearing, kupima na kupima tena. Nilirudi nyumbani 2018. Mwaka wangu wa pili kule, mzee mmoja wa kazini, aliyekuwa anakaribia pensheni, alinipeleka kwenye klabu yao ya kulenga shabaha. Chumba kirefu chini ya ardhi, harufu ya baruti na kahawa. Mezani palikuwa na rivolva moja, yaani bastola yenye silinda inayozunguka, nakala ya Colt ya Marekani ya 1873 iliyotengenezwa Italia. Hakuniambia nipige. Alifungua kilango cha pembeni, akanionyesha matundu sita moja baada ya jingine kwamba hayana kitu, akaniwekea mkononi na kusema: vuta nyundo polepole sana, usikilize.

Nikasikia milio minne.

Wa kwanza, nyundo imeinuka kidogo tu na kushika pengo la juu kabisa. Wa pili, nyundo imefika katikati. Hapo silinda inaachiwa na unaweza kuizungusha kwa mkono, ndipo watu wanapojazia. Wa tatu ni mwepesi, kama kucha ikigonga sahani: ni kizuizi kinachoruka kutoka chini ya fremu na kugusa silinda, kikisubiri kishimo chake kifike. Wa nne ni mzito. Nyundo imefika mwisho na kifyatuo kimeishika. Kati ya wa kwanza na wa nne, kidole kidogo cha chuma kilichoning'inia kwenye nyundo kimeisukuma silinda sehemu moja ya sita ya mzunguko, na tundu jipya limekaa sawasawa nyuma ya mtutu.

Mkitaka kuelewa bila kuiona, simameni barabara ya Kasenga asubuhi, pale wabeba makala wanapoteremka na baiskeli zao. Mtu akiacha kukanyaga pedali, gurudumu la nyuma linalia tik-tik-tik. Ni vidole vidogo vinavyoruka juu ya meno. Mambo ni hayohayo: kidole, meno, springi. Nilikuwa nimeyafungua na kuyafunga maisha yangu yote, na sasa niliyasikia yakihesabu.

Basi jina: rivolva ya kazi moja, "single action". Kifyatuo cha rivolva hii kina kazi moja tu: kuiachia nyundo. Kuivuta hakiwezi. Kwa hiyo kidole gumba ndicho kinachoikoki, kila mara, risasi kwa risasi. Zile za kazi mbili, ukibana kifyatuo kinavuta nyundo, kinazungusha silinda na kuachia, vyote kwa kidole kimoja. Ni haraka, lakini kifyatuo kinakuwa kizito na safari yake ndefu, na mkono wa mwanafunzi unayumba. Ya kazi moja, ikishakokiwa, kifyatuo kinasogea kidogo mno. Unafikiri tu, imeshatoka.

Halafu kuna mpini. Umepinda kama mshikio wa plau, umbo walilolirithi kutoka Colt ya 1851. Unaposhika, kidole cha mwisho kinakosa nafasi na kuingia chini ya kitako. Mara ya kwanza nilidhani bastola imetengenezwa kwa mkono wa mtoto. Risasi ilipotoka nikaelewa: bastola haikupigi kiganjani, inaviringika kwenda juu ndani ya mkono, na nyundo inakuja yenyewe chini ya kidole gumba. Unaikoki wakati unaishusha. Mtu aliyechora ule mpini aliujua mkono wa binadamu vizuri kuliko madaktari wengi.

Sasa lile lililonifanya niandike kichwa cha uzi huu. Nyundo ya Colt ya asili ina mwiba mbele yake, na mwiba huo ndio unaopiga fataki ya risasi. Nyundo ikilala, mwiba unalala juu ya kitako cha risasi iliyo mbele yake. Lile pengo la kwanza linaitwa la usalama, lakini ni jino jembamba. Bastola ina uzito wa kilo moja hivi. Ikianguka sakafuni kwa upande wa nyundo, jino linaweza kukatika na risasi ikatoka bila mtu kugusa kifyatuo. Kwa hiyo wenye akili, tangu zamani, hubeba risasi tano katika bastola ya matundu sita. Nyundo inalala juu ya tundu tupu.

Yule mzee alinifundisha kwa risasi za bandia, jioni tatu mfululizo. Nyundo katikati, fungua kilango. Ingiza moja, ruka tundu moja, ingiza nne. Funga kilango, vuta nyundo mpaka mwisho, ishushe kwa kidole gumba polepole ukiwa umeelekeza mtutu kwenye ukuta wa shabaha. Ukifuata hesabu hiyo, tundu tupu linakuja lenyewe chini ya nyundo. Moja, ruka, nne. Niliisema njiani nikirudi nyumbani ndani ya basi.

Mwaka wa tatu wa kuwa mwanachama, jioni moja nilikuwa nimechoka, nina habari mbaya kutoka nyumbani, na nikajaza huku naongea. Niliingiza mbili kabla ya kuruka. Mzee alikuwa amenipa mgongo, anajimiminia kahawa. Alisikia tu idadi ya mibofyo ya silinda. Alikuja, akashika mkono wangu kabla sijashusha nyundo, akaichukua bastola, akatoa risasi moja moja kwa kile kijiti cha chini ya mtutu, akazipanga mezani. Hakunikemea. Alinionyesha kiti. Nilikaa pale mpaka klabu ikafungwa, na nilirudi nyumbani bila kupiga hata risasi moja. Mpaka leo nikifunga kitu chochote chenye hatua, iwe pampu au jiko la gesi, siongei.

Mtoto wa Ruashi (Lubumbashi)

Yaya, aksanti mingi. Sasa ile kintu ya nyundo imeingia mu kichwa. Niko na maulizo mbili. Ya kwanza: ile ya 1873, njo Colt mwenyewe aliivumbua? Ya pili, na usinikasirikie: mutu wa Lushi anaweza kuipata wapi?

Ajistere wa Kamalondo

Mdogo wangu, sikasiriki, ila nitaanza na la pili kwa sababu ndilo zito.

Hapa kwetu silaha inatawaliwa na ordonansi-sheria namba 85-035 ya 3 Septemba 1985. Hakuna raia anayeruhusiwa kuweka silaha au risasi nyumbani bila kibali cha serikali. Mtu akikunong'oneza kwamba ana rivolva ya kuuza, mwambie hapana, na usirudi tena pale ulipokutana naye. Nasema hivi kwa moyo wote. Mimi nilikuwa nazo mbili kule Liège, kwa leseni ya mlenga shabaha wa michezo: nilifanya mtihani wa sheria, nikafanya mtihani wa mikono, nikapeleka cheti cha daktari, na silaha zenyewe zilikaa ndani ya sefu. Kabla ya kufunga mizigo ya kurudi nyumbani niliziuza zote mbili kwa mwanachama mwenzangu, kwa karatasi halali. Siku ile niliumia. Lakini nisingezileta Kamalondo hata ningelipwa.

Sasa la kwanza. Hapana, Samuel Colt hakuiona. Alizaliwa 1814, akapata hataza yake ya Marekani 1836, akafa Januari 1862. Ile ya 1873 ilikuja miaka 11 baada ya mazishi yake, kwa mikono ya mafundi wa kiwanda, William Mason na Charles Richards.

Na kilichochelewesha ni karatasi ya mtu mwingine. Rivolva za Colt mwenyewe zilijazwa kwa mbele: unamimina baruti tunduni, unashindilia kichwa cha risasi, unavisha fataki nyuma. Mwaka 1855 fundi aitwaye Rollin White alipata hataza ya silinda iliyotobolewa toka mwanzo mpaka mwisho, ili risasi kamili yenye ganda iingie kwa nyuma. Haki hiyo wakaichukua Smith & Wesson, wakawa wanamlipa White senti 25 kwa kila bastola, lakini mkataba ulimtwika yeye mzigo wa kuilinda mahakamani. Alishinda kesi na fedha zikaishia kwa mawakili. Hataza ilikufa 1869. Miaka minne baadaye Colt ya 1873 ikaingia jeshini, mtutu wa inchi saba na nusu kwa wapanda farasi, yaani kama sentimita 19. Jeshi liliitumia mpaka 1892. Risasi yake ya asili ilikuwa na kichwa cha gramu 16 na nusu, nyuma yake baruti nyeusi gramu 2.6 hivi. Hiyo ni shoti nzito kwa bastola ya mkononi hata leo.

Kuna jambo jingine linalotugusa sisi. Liège, mji ule niliokuwa nachonga shafti, umekuwa mji wa bunduki kwa karne nyingi. Ofisi yao ya kujaribu mitutu kwa baruti kali kabla ya kuuzwa ni ya tangu 1672. Miaka ya 1850 Colt alikuta mafundi wa pale wananakili rivolva zake bila aibu, akaona heri awape leseni. Ndiyo maana unakuta za zamani zimeandikwa "Colt Brevete", yaani Colt yenye hataza. Ndugu wawili wa mjini pale, Émile na Léon Nagant, ndio waliotoa rivolva ya 1895 iliyochukuliwa na Urusi, yenye matundu saba, ambayo silinda yake inasogea mbele na kubana mtutu ili gesi isivuje. Askari wa kawaida wa Urusi walipewa ya kazi moja, maofisa wakapewa ya kazi mbili. Kila nikipita kwenye lile jumba la makumbusho la Grand Curtius, kando ya mto Meuse, nilisimama mbele ya hizo sanduku za kioo nikafikiria kwamba vyuma vingine vya mji huu vilipanda meli na kuja kwetu.

Mjukuu wa Mwindaji (Bunkeya / Likasi)

Hodi hapa. Papa Ajistere, hapo ulipogusa meli umenigusa. Nkambo wangu, yaani babu, alikuwa na pupu, ile bunduki ya kujaza kwa mdomo. Alikuwa anaifungia dari, amefunga nyundo kwa ngozi ya mbawala. Kwetu Bunkeya tunaikumbuka 20 Desemba 1891, siku mfalme wetu, Mwami Msiri, alipopigwa risasi na yule ofisa Mbelgiji, Bodson, wa msafara wa Stairs. Na Bodson naye akapigwa papo hapo na watu wa Mwami. Nikiwa mtoto nilimuuliza nkambo: kama Mwami alikuwa na bunduki nyingi hivyo alizonunua kwa pembe na shaba, kwa nini wazungu wachache walimshinda? Akaniambia, "Bunduki zao zilikula haraka, zetu zilikula polepole." Sikuelewa.

Ajistere wa Kamalondo

Nkambo wako alijua, ndugu yangu. Na hilo la polepole halikutokea kwa bahati mbaya. Tarehe 2 Julai 1890, mwaka mmoja na nusu kabla ya siku ile ya Bunkeya, mataifa yalitia sahihi Mkataba wa Brussels. Kisingizio chake kilikuwa kuzuia biashara ya watumwa, na kweli kuna vifungu vya maana mle. Lakini ndani yake waliandika pia kwamba bunduki mpya zenye mifereji ndani ya mtutu zisiingizwe Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini. Zilizoruhusiwa kuuzwa kwa watu wetu ni za gumegume, mtutu laini, na baruti ya kawaida. Katanga nzima imo ndani ya mistari hiyo.

Na hata kabla ya hapo, bunduki ndefu tulizoziita lazarina, zilizopitia Angola mikononi mwa wafanyabiashara Waovimbundu, nyingi zilitoka Liège ingawa zilibeba jina la fundi wa Ureno. Fundi mmoja, mji mmoja: meza hii anachonga rivolva ya risasi sita kwa ofisa, meza ile anachonga gumegume ya risasi moja kwa ajili yetu. Nikitazama pupu ya nkambo wako naona kifungu cha mkataba kilichogeuka chuma.

Lile la kufunga nyundo kwa ngozi ni tendo la mtu makini. Lina akili ileile ya tundu tupu. Nkambo hakuwa na mzee wa Liège wa kumfundisha.

Mama Virunga (Goma)

Samahani kaka zangu, nisome kwa upole. Mimi niko Goma. Ninyi mnaongea mlio wa nyundo kama watu wanaoongea gitaa. Januari 2025 nililala chini ya kitanda na watoto wangu watatu, tukihesabu. Mdogo wangu wa mwisho mpaka leo mlango ukibamizwa anajificha. Sielewi mtu aliyezaliwa Kongo anawezaje kupenda kitu hiki. Siulizi kwa hasira. Nataka kuelewa kweli.

Ajistere wa Kamalondo

Dada yangu, pole sana, kwako na kwa watoto. Nimekaa siku mbili kabla ya kukujibu kwa sababu sikutaka kukupa jibu la haraka.

Sina neno la kukufanya uipende, na sitaki uipende. Nikuambie tu nilichokiona. Nilipoingia ile klabu mara ya kwanza nami nilikuwa nimebeba milio yangu. Katanga ya 1992 na 1993 nilikuwa kijana, nimeona majirani Wakasai wakipakiwa kwenye treni na vitanda vyao. Shoti ya kwanza mle ndani nilishtuka mpaka nikaangusha miwani ya kinga. Mzee hakucheka. Alisema leo inatosha, njoo wiki ijayo usikilize tu. Nilienda kusikiliza wiki nne. Nilichokuta mle ni watu wanaoogopa bastola kwa adabu: mtutu hauelekei mtu hata kama ni tupu, kidole hakiingii kwenye kifyatuo mpaka macho yako kwenye shabaha, mtu akienda kubadilisha karatasi silaha zote zinalala mezani wazi na hakuna mkono unaozigusa. Kwa mara ya kwanza maishani niliona silaha iliyo chini ya mtu, badala ya mtu aliye chini ya silaha.

Na hii ya kazi moja, kwa sababu ya ule upole wake, ndiyo niliyoweza kuivumilia. Haimwagi. Kila risasi ni uamuzi wa kidole gumba. Kwangu mimi iliponya kitu fulani. Kwako inaweza isiponye chochote, na una haki kabisa. Kama uzi huu unakuumiza, usiendelee kuusoma, mama; hakuna atakayekuona vibaya.

Mama Virunga

Asante kwa kunijibu hivyo. Nitaendelea kusoma. Nimeelewa ile ya wiki nne.

Mwana wa Kipushi (Texas)

Salamu toka mbali. Papa, nimekulia Kipushi, niko huku mwaka wa tisa. Nina Ruger New Vaquero, rivolva ya kazi moja ya siku hizi, na Jumamosi mbili kwa mwezi niko uwanjani. Niongeze ya huku.

Bill Ruger alianzisha kampuni na Alexander Sturm mwaka 1949. Mwaka 1953 alitoa Single-Six ya risasi ndogo za .22, na 1955 akatoa Blackhawk. Alichukua umbo la Colt lakini akatoa springi bapa akaweka springi za kuviringwa, ambazo hazivunjiki ovyo. Halafu 1973, miaka mia kamili baada ya Colt ile, akabadilisha ndani kabisa: akaweka kipande cha chuma kati ya nyundo na sindano inayopiga fataki. Usipobana kifyatuo, kipande kinakaa chini na nyundo haigusi sindano hata ukiigonga kwa jiwe. Ukibana, kinapanda na kupitisha pigo. Kwa hiyo ya kwangu ningeweza kujaza sita bila woga. Na zile Ruger za kabla ya 1973, kiwanda kinakuwekea kipande hicho bure ukiirudisha kwao.

Sasa sikilizeni hili. Michezo yetu ya Single Action Shooting Society, chama kilichoanza California 1987, bado inataka risasi tano, nyundo juu ya tundu tupu. Hata kwa Ruger mpya. Mwaka wa kwanza nilibisha. Msimamizi akaniambia, mkono wako hautajua siku moja kama umeshika mpya au ya zamani. Nikanyamaza. Tunapiga vibao vya chuma kwa vichwa vya risasi laini, mwendo mdogo, na kila mtu lazima awe na jina la bandia na nguo za zamani. La kwangu ni la Kiswahili, wanashindwa kulitamka, wananiita nusu yake.

Ajistere wa Kamalondo

Mwana wa Kipushi, umenipa furaha ya wiki nzima. Hilo la mkono kutojua ni neno la fundi. Nitaliazima.

Ni kweli kuhusu springi. Ndani ya Colt kuna tatu za bapa: ile kubwa ya nyundo ndani ya mpini, ile ndogo ya kile kidole, na ile yenye matawi mawili inayohudumia kifyatuo na kizuizi. Hiyo ya matawi mawili ndiyo inayochoka mapema. Ya kwangu ilikatika tawi moja baada ya miaka minne, na nilijua kabla sijaifungua, kwa sababu mlio wa tatu ulikuwa umepotea.

Pale pale nikafanya kosa la ajistere anayejiamini. Niliweka springi mpya, nikaona kizuizi kinachelewa kidogo, na ukikoki kwa nguvu silinda inapitiliza.  Nikachukua tupa laini, nikala mguu wa kizuizi mikwaruzo mitatu. Ulikuwa mmoja tu uliohitajika. Sasa kikawa kinaruka mapema na kuikwaruza silinda kabla ya kishimo chake; silinda ya Colt isiyotunzwa utaiona ina pete nyeupe iliyochorwa kuizunguka, chanzo ni hicho. Chuma ulichokiondoa hakirudi. Nilinunua kizuizi kipya, na safari hii nilifanya kwa jiwe la kunolea la mafuta, usiku mbili, nikijaribu kila baada ya kupitisha jiwe mara moja. Nimechonga vipande vya tani, lakini kazi iliyonifunza subira zaidi ni ile isiyozidi ukubwa wa ukucha.

Ya pili niliyokuwa nayo ilikuwa nakala ya Remington ya 1858, ya baruti nyeusi na fataki. Naileta kwa sababu ya Mjukuu wa Mwindaji, ndiyo dada wa karibu wa pupu. Fremu yake imefunga juu ya silinda, tofauti na Colt za wakati ule zilizokuwa wazi juu na kushikiliwa na kabari. Unajaza matundu, unapaka mafuta mazito mdomoni mwa kila tundu, ili moto wa shoti moja usirukie la jirani. Moshi wake mweupe unajaza chumba mpaka huoni ulichopiga. Na ukimaliza huwezi kwenda kulala: masizi ya baruti nyeusi yanavuta unyevu, kesho asubuhi unakuta kutu. Maji ya moto na sabuni, kama sahani, halafu ukaushe juu ya jiko na upake mafuta. Mke wangu alizoea kuona mtutu juu ya kitambaa cha jikoni. Nkambo wako alikuwa anaosha pupu kwa nini?

Mjukuu wa Mwindaji

Maji ya moto na majivu, Papa. Halafu mafuta ya mawese kidogo kwa unyoya wa kuku.

Ajistere wa Kamalondo

Majivu! Ni sabuni ileile. Asante.

Mtoto wa Ruashi

Yaya, nimesoma yote mara mbili. Nimekubali, sitatafuta ya kununua. Lakini sasa nitaona wapi ile kidole inasukuma silinda? Mu video beko wanaenda mbio.

Ajistere wa Kamalondo

Hilo lina jawabu. Tangu mwaka jana nafundisha vijana wa ufundi siku za Jumamosi, na nimechonga mfano wa mbao, mkubwa mara tano, umekatwa upande mmoja ili ndani paonekane. Hauna mtutu, hauna mwiba, hauwezi kupiga hata harage. Nyundo ni ya muti wa mulombwa, silinda ni kipande cha mti nilichokizungusha kwenye turu, mashine ya kukereza, springi ni chuma cha msumeno uliovunjika. Vijana wanavuta nyundo, wanaona kidole kinapanda, kizuizi kinaanguka. Ni somo la saa, la jeki, la baiskeli, la winchi ya mgodi, yote ndani ya kitu kimoja.

Ila kuna kitu kinaniuma. Mlio wa tatu haupo. Mbao juu ya mbao inasema "tup", imekufa. Wa kwanza, wa pili na wa nne nimewapata kwa kuweka misumari. Wa tatu hapana, na huo ndio ninaotaka wausikie.

Mwana wa Kipushi

Papa, weka shaba. Kibapa chembamba kichwani kwa kizuizi, na silinda uivishe pete ya shaba. Mafundi wa vinyago vya shaba pale mjini watakukatia mabaki.

Mama Virunga

Na kama ni kwa ajili ya watoto wa shule, weka nyembamba, mlio uwe mdogo. Tafadhali.

Ajistere wa Kamalondo

Nimerudi. Nilipata bapa la shaba la milimita moja, nikalipigilia kwa misumari ya kiatu. Mara ya kwanza lililia kama kengele ya kanisa. Nikamkumbuka Mama Virunga, nikapunguza unene kwa tupa na kubandika kipande cha ngozi chini yake. Leo mchana kijana mmoja alivuta nyundo, akasimama katikati, akairudisha, akaivuta tena akiwa ameinamisha sikio. Akasema, "Papa, ya tatu ni kama kucha."

Mtoto wa Ruashi, njoo Jumamosi. Uje na baiskeli, tutafungua na gurudumu la nyuma.